Dola 25 za Mwalimu Aberhart

Jumapili mchana, katika nyumba za mbao zilizotapakaa kwenye tambarare za ngano za Alberta, magharibi mwa Kanada, watu waliacha shughuli zao wakasogeza viti karibu na redio. Waliyemsubiri alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari ya Crescent Heights mjini Calgary, mtu wa mwili mkubwa na sauti nzito, ambaye tangu mwaka 1925 alihubiri Biblia kupitia kituo cha CFCN. Jina lake William Aberhart. Kwa miaka mingi alifundisha unabii na kurudi kwa Kristo. Kuanzia mwaka 1932 mahubiri yakaanza kuchanganyika na habari za fedha, na ilipofika 1935 yalikuwa yamegeuka ilani ya uchaguzi. Ilani hiyo ilikuwa na mambo kadhaa, lakini wananchi walishika moja tu: kila mtu mzima katika jimbo atapata dola 25 kila mwezi, awe na kazi au asiwe nayo.

Ahadi ni deni, tunasema, kisha tunaishia hapo kana kwamba kila anayeahidi anajua anajifunga kwa nani na atalipa kwa mali ipi. Kisa cha Alberta kinanigusa kwa sababu mwenye ahadi hakuwa tapeli. Aliiamini kwa moyo wake wote. Na watu walioumia walikuwa wale wale aliowahurumia.

Tuanze na dhiki yao, maana bila dhiki ahadi ile isingepata masikio. Mwaka 1929 bei ya busheli moja ya ngano bora ilikuwa imevuka dola moja na nusu. Desemba 1932 ilishuka hadi senti 38. Mkulima aliyekopa benki anunue trekta wakati wa neema alijikuta akivuna hasara, na kusini mwa jimbo hata hicho cha kuvuna hakikuwepo, kwa sababu ukame ulikausha ardhi na upepo ukaupeperusha udongo wa juu hadi mchana ukawa giza la vumbi. Magari yaliyokosa hela ya petroli yalinyofolewa injini, yakafungwa farasi wayakokote. Watu waliyaita mikokoteni ya Bennett, kwa jina la Waziri Mkuu wa Kanada wa wakati huo, R. B. Bennett, ambaye naye alikuwa mbunge wa Calgary. Madeni ya mashamba yalidaiwa na mabenki na makampuni ya mashariki, Toronto na Montreal, na kila barua ya benki ilitoka mbali, kwa watu ambao mkulima hakuwahi kuwaona.

Serikali ya jimbo ilikuwa mikononi mwa chama cha wakulima, United Farmers of Alberta, tangu 1921. Kilikuwa chama cha watu waadilifu waliochoka. Waziri mkuu wao, John Brownlee, alijiuzulu mwaka 1934 baada ya kesi ya madai iliyohusu uhusiano wake na karani kijana, na mrithi wake, Richard Reid, hakuwa na la kuwaambia wananchi zaidi ya kuwataka wavumilie. Reid alisema kweli. Jimbo halikuwa na fedha. Lakini ukweli usio na mkono wa kumwinua mtu, mwenye njaa huusikia kama dharau.

Aberhart alikutana na wazo lake kiangazi cha 1932 mjini Edmonton, alikokwenda kusahihisha mitihani. Mwalimu mwenzake wa kemia alimpa kitabu kilichoeleza nadharia ya mhandisi Mwingereza, Meja C. H. Douglas. Aliona vijana aliowafundisha wakimaliza shule na kuzurura bila kazi, na kitabu kile kikampa jibu alilolihitaji.

Nadharia yenyewe yafaa tuieleze vizuri, kwa sababu haikuwa upuuzi mtupu. Douglas alisema hivi: chukua kiwanda cha mikate. Kinalipa mishahara, hiyo tuiite A. Kinalipa pia unga, mashine, riba ya benki, hiyo tuiite B. Bei ya mkate lazima ibebe A na B pamoja, lakini wafanyakazi wanaotakiwa kuununua wameshika A peke yake. Kwa hiyo, akasema, nchi nzima daima ina bidhaa nyingi kuliko fedha za kuzinunulia, na pengo hilo serikali ilizibe kwa kuwapa raia gawio. Mtu aliyeona ghala limejaa ngano na jirani amelala njaa alisikia nadharia hii ikimsemea. Dosari yake haionekani upesi. Ile B nayo ni mshahara wa mtu mwingine: wa msaga unga, wa fundi wa mashine, wa karani wa benki. Fedha haipotei kwa kupita dirisha la pili. Wachumi walilisema hilo, lakini wengi wao walilisema kwa lugha ya vitabu, ilhali Aberhart alikuwa na redio, kipaji, na wasikilizaji waliomwamini kwa habari za mbinguni tayari.

Alitunga hata maigizo ya redio. Kulikuwa na mhusika aliyetoka sayari ya Mars, amekuja duniani kutalii, naye anawauliza wenyeji: mbona chakula kipo tele na watu wana njaa? Swali lilikuwa la haki kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kila nikirudi kwenye kisa hiki, kwamba swali la haki lilitumika kubebea jibu lisilopimwa.

Kulipima hakukuhitaji mchumi. Sensa ya 1931 ilihesabu watu 731,605 Alberta. Tuseme watu wazima ni laki nne. Dola 25 mara laki nne ni milioni 10 kwa mwezi, yaani milioni 120 kwa mwaka, katika jimbo ambalo mapato yake yote ya mwaka hayakufika milioni 20. Mtoto wa darasa la sita angeweza kuipiga hesabu hiyo ubaoni, na aliyekuwa akitoa ahadi alikuwa mwalimu wa hisabati. Alipoulizwa, alijibu kuwa si noti zitakazotolewa bali mkopo wa serikali ulioandikwa kwenye kitabu cha kila raia, na kwamba dola 25 ni mfano tu wa kuelezea. Aliwaambia pia kuwa si lazima waelewe mfumo mzima ndipo waupigie kura, kama ambavyo mtu hawashi taa kwa kuelewa umeme. Nadhani hapo ndipo msikilizaji mmoja alipaswa kusimama. Taa inawaka kwa sababu yupo fundi anayeuelewa umeme, na fundi huyo ndiye aliyestahili kutajwa jina kabla kura haijapigwa.

Januari 1935 Aberhart aliupeleka mpango wake kwenye mkutano mkuu wa chama cha wakulima, wajumbe wakaukataa. Akaamua kusimamisha wagombea wake chini ya jina la Social Credit, kwa viti vyote 63 vya bunge la jimbo.

Jinsi wagombea hao walivyopatikana ni sehemu ya kisa ambayo wengi huiruka, nami naona ndiyo kiini chake. Wanachama wa kila eneo walikutana wakapendekeza majina matatu au manne. Majina yakaenda juu kwa kamati ndogo ya ushauri, Aberhart akiwa kichwa chake. Kamati ikawahoji watu mmoja mmoja, ikarudisha jina moja kwa kila kiti, na haikulazimika kumrudisha yule ambaye wenyeji walimpenda zaidi. Tunaoishi na vyama vyetu tunaujua msemo: jina limerudi, au jina halikurudi. Waliorudi walikuwa wakulima, walimu, wenye maduka, wahubiri. Karibu wote hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa bunge kama wajumbe. Sina neno baya juu ya kazi hizo, kwani bunge la wakulima na walimu ni bunge la heshima. Lakini kipimo cha kwanza kilikuwa imani katika mpango na utiifu kwa kiongozi, na mtu aliyechaguliwa kwa kipimo hicho hana sababu ya kumwuliza kiongozi swali la pili. Aberhart mwenyewe hakugombea. Alibaki juu ya mfumo mzima, sauti inayotoka redioni.

Na swali la pili lilikuwepo, limeandikwa tangu 1867. Sheria iliyoiunda Kanada iligawa madaraka. Shule, hospitali, barabara za ndani na ardhi ya umma ni za jimbo. Sarafu, mabenki, riba na noti halali ni za Bunge la shirikisho huko Ottawa. Hata kama nadharia ya Douglas ingekuwa kweli tupu, jimbo halikuwa na mamlaka ya kuitekeleza. Ilani nzima ilisimama mbele ya mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Msomaji wa Kenya ataliona hili haraka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limetenganisha kazi za serikali kuu na za kaunti, polisi na vyuo vikuu viko upande wa serikali kuu, na anayeomba ugavana akiahidi hivyo jukwaani anaahidi mali ya mwenzake.

Agosti 22, 1935, watu walipiga kura. Social Credit ikachukua viti 56 kati ya 63. Waliberali walipata vitano, Wahafidhina viwili. Chama cha wakulima, kilichotawala miaka 14, hakikupata hata kimoja, na Waziri Mkuu Reid aliangushwa katika eneo lake. Inasimuliwa kuwa kesho yake kuna waliokwenda ofisi za mji wa Calgary kuuliza dola zao 25 zinapokelewa dirisha gani. Aberhart, sasa waziri mkuu wa jimbo, aliomba apewe miezi 18.

Alipofungua hazina aliikuta tupu. Alisafiri hadi Ottawa kuomba mkopo ili mishahara ilipwe, akapewa sehemu ndogo ya alichoomba, dola milioni 2.25. Akamwajiri mshauri wa fedha kutoka Montreal, mji ule ule wa mabenki aliyoyalaani, na bajeti yake ya kwanza ikapandisha kodi. Mwaka 1936 wananchi walioahidiwa gawio walianza kulipa kodi ya mauzo ya asilimia 2 dukani. Aprili mosi mwaka huo jimbo lilishindwa kulipa dhamana zilizoiva, kisha likapunguza kwa nusu riba lililokuwa likiwalipa waliolikopesha. Baadhi ya hao walikuwa wazee wa Alberta hiyo hiyo, waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni kwenye dhamana za serikali yao.

Agosti 1936 zikaja noti za jimbo, zilizoitwa vyeti vya ustawi. Cheti kilikuwa cha dola moja, na kila wiki aliyekishika alipaswa kubandika nyuma yake stempu ya senti moja, la sivyo kinapoteza thamani. Nia ilikuwa fedha izunguke, isikaliwe, maana anayechelewa kuitumia ndiye anayenunua stempu. Vililipwa kwa vibarua waliotengeneza barabara. Basi fikiria kibarua huyo. Ameponda mawe wiki nzima, amepewa karatasi. Anakwenda dukani, mwenye duka anaipokea kwa wasiwasi au anaikataa, kwa sababu mwenye ghala la jumla hatamkubalia, na benki haitaki kuisikia. Serikali yenyewe haikuipokea kwa kulipia kodi. Mtu akajikuta kabandika senti zake mwenyewe kwenye mshahara wake mwenyewe. Ndani ya miezi michache mpango ukafa.

Mapema mwaka 1937 miezi 18 ilikwisha. Sasa wale wagombea waliochujwa kwa utiifu waligundua kuwa wana wapiga kura nyumbani. Kila waliporudi vijijini walikutana na swali moja, nao hawakuwa na jibu. Wakagoma kupitisha bajeti ya kiongozi wao. Nawaheshimu kwa hilo, ingawa dawa waliyoidai ilikuwa kali kuliko ugonjwa: walimshinikiza autekeleze mpango wa Douglas mara moja, wataalamu waletwe kutoka Uingereza. Imani waliyochaguliwa kwayo ilikuwa bado hai ndani yao, na hasira yao ilikuwa kwamba haijajaribiwa kwa ukamilifu.

Hapo jimbo likaingia vita ambayo lisingeweza kushinda. Agosti 1937 ilipitishwa sheria ya kuwataka watumishi wa mabenki wawe na leseni ya jimbo, na nyingine ya kuwanyima wasio na leseni hiyo haki ya kufungua kesi. Ottawa ikazifuta. Bunge la jimbo likapitisha miswada mingine, mmoja ukiyalazimisha magazeti kuchapisha maelezo ya serikali na kutaja vyanzo vyao vya habari. Mwakilishi wa Mfalme, John Bowen, akakataa kuisaini, akaipeleka juu. Machi 1938 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kuwa jimbo limevuka mpaka wa mamlaka yake. Mwaka huo gazeti la Edmonton Journal lilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa kuutetea uhuru wa habari. Kati ya hayo, mnadhimu wa wabunge wa chama na mmoja wa wataalamu walioletwa kutoka Uingereza walifungwa jela kwa kipeperushi kilichowataja kwa majina watu wa Edmonton kuwa vibaraka wa mabenki na kutaka waangamizwe. Tazama tulikofika. Tulianza na swali la mtu wa Mars kuhusu njaa, tukafika kwenye orodha ya maadui.

Sioni kuwa Aberhart alipanga kufika huko. Ahadi isiyotekelezeka ndiyo iliyomvuta. Ukiisha kuwaambia watu kuwa fedha ipo na kilichobaki ni kuigawa, fedha isipofika lazima pawepo na mtu anayeizuia. Kwanza ni benki, baadaye ni gazeti, mwishowe ni jirani anayeuliza.

Katika ahadi za awali kulikuwa na moja nzuri sana. Wananchi watakuwa na haki ya kumrudisha nyumbani mbunge asiyetimiza wajibu. Sheria ilipitishwa mwaka 1936, nayo ilitaka saini za theluthi mbili ya wapiga kura wa eneo. Aberhart alikuwa ameingia bungeni kwa eneo la Okotoks-High River, baada ya mbunge mpya aliyechaguliwa huko kujiuzulu ili ampishe. Mwaka 1937 watu wa Okotoks-High River walianza kukusanya saini. Waliziandika kwenye mashamba na kwenye kambi za mafuta za Turner Valley, na aliyekuwa akiondolewa ni waziri mkuu mwenyewe. Serikali ikadai watu wamelazimishwa na waajiri wao. Oktoba 1937 bunge likaifuta sheria hiyo, tena likafanya ufutaji uanze tangu siku ilipotungwa, kana kwamba haijawahi kuwepo. Kwangu hiki ndicho kitendo kizito kuliko vyote. Dola 25 hakuwa na uwezo wa kuzitoa. Haki hii alikuwa nayo mkononi, alishaitoa, akaichukua tena.

Lazima niseme na upande wa pili, maana kisa kinachomtaja mtu kwa aibu tu hakifundishi. Aberhart alikuwa pia waziri wa elimu. Alberta ilikuwa na maelfu ya kamati ndogo za shule, nyingi zikisimamia chumba kimoja cha mbao na mwalimu mmoja asiyelipwa kwa wakati. Serikali yake iliziunganisha kuwa wilaya kubwa zenye uwezo wa kulipa walimu na kujenga sekondari. Kazi hiyo ilipingwa, ikafanyika, ikadumu. Mwaka 1938 ilianzisha matawi ya hazina ya jimbo, ambako wananchi waliweka akiba zao, na taasisi hiyo ipo hadi leo kwa jina la ATB Financial. Shule zilikuwa ndani ya madaraka ya jimbo. Alipofanya kazi kwenye shamba lake mwenyewe alivuna. Na ni kweli pia kwamba uchaguzi wa 1940 hawakumtupa. Chama chake kilipata viti 36 kati ya 57, ingawa kura zilipungua sana. Watu walisema angalau alijaribu, na huenda walikuwa na haki ya kusema hivyo. Wapinzani wake hawakuwa wamewaletea chochote cha kushika.

Aberhart alifariki Mei 23, 1943. Aliyemrithi ni Ernest Manning, mwanafunzi wake wa kwanza katika chuo cha Biblia alichokianzisha Calgary, mmoja wa wale ambao majina yao yalirudi mwaka 1935. Manning aliiweka nadharia kando taratibu. Februari 13, 1947, mafuta yalifumuka Leduc, kusini mwa Edmonton, hazina ikajaa kwa mrabaha ambao Douglas hakuuwazia, na chama kikatawala hadi 1971.

Mwaka 1957 serikali ya Manning iliamua kuwagawia wakazi wa muda mrefu sehemu ya fedha za mafuta. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu ule uchaguzi. Wazee waliosogeza viti karibu na redio za Jumapili, wale waliokuwa bado hai, walipanga foleni pamoja na watoto wao waliokwisha kukua, wakaandikisha majina na kupokea gawio. Lilikuwa dola 20, si 25, tena la mwaka mzima. Mwaka uliofuata lilishuka hadi dola 17 na senti 50, kisha likasimamishwa.